LMDB, RocksDB au SQLite: anza kwa kuuliza ufunguo usiopo

Ukitafuta hifadhidata ya kupachika ndani ya programu, ile isiyo na seva wala nenosiri, inayokaa kama faili tu pembeni ya programu yako, utakutana na majaribio ya kasi ya kila aina. Mengi yamepikwa kwenye chungu kimoja: jaza funguo milioni moja (ufunguo ni jina ambalo thamani huhifadhiwa na kutafutwa kwalo), zisome bila mpangilio, gawanya kwa sekunde, andika jibu. Kila ufunguo unaoulizwa humo upo. Kazi halisi mara nyingi haiko hivyo.

Chukua mfumo unaopokea taarifa za malipo ya simu. Taarifa ya muamala uleule inaweza kukufikia mara mbili, kwa sababu jibu lako la kwanza lilichelewa au mtandao ulikatika katikati. Kwa hiyo kabla ya kumwongezea mteja salio unauliza: namba hii ya muamala nimeshaishughulikia? Karibu kila mara jibu ni hapana. Au chukua orodha ya namba za simu zilizozuiwa: ujumbe unaingia, unaangalia kama mtumaji yumo, na walio wengi hawamo. Kinyume chake ni wasifu wa mteja aliyekwisha kuingia kwenye akaunti yake. Huyo utamkuta tu, maana asingekuwemo asingefika hapo.

Hifadhidata tatu ninazozilinganisha hapa zinatofautiana kwenye "haupo" kuliko kwenye "upo". Ndiyo maana naanzia huko.

## Nani ni nani

LMDB iliandikwa na Howard Chu wa kampuni ya Symas mwaka 2011, kwa ajili ya OpenLDAP, programu ya saraka za watumiaji, iliyotaka kuachana na hifadhidata ya zamani, Berkeley DB. RocksDB ilichipuka mwaka 2012 pale Facebook kutoka hifadhidata ya LevelDB, kazi ya Jeff Dean na Sanjay Ghemawat wa Google, na ikawekwa hadharani mwaka 2013. SQLite ni ya D. Richard Hipp, tangu mwaka 2000, na kama una simu mfukoni basi tayari unayo. Kwa asili SQLite si hifadhidata ya ufunguo na thamani, lakini jedwali la safuwima mbili linatosha, na mimi humshauri mtu aanze nayo hadi ithibitike kwamba haitoshi.

Nimeziacha nyingine makusudi. Anayeandika kwa lugha ya Go ataiona bbolt, inayofuata mawazo ya LMDB na inayobeba data ya etcd, kwa hiyo mengi nitakayosema kuhusu LMDB yanaihusu pia.

## Kila moja inavyotafuta

LMDB huweka kila kitu kwenye faili moja, data.mdb, na kuuomba mfumo endeshi ulionyeshe faili hilo kana kwamba ni sehemu ya kumbukumbu (RAM) ya programu yako; hiyo huitwa ramani. Haina kache yake yenyewe, yaani akiba ya data iliyosomwa karibuni inayowekwa kwenye RAM. Ndani ya faili kuna mti wa B+, faharasa ya ngazi kwa ngazi iliyopangwa kwa ufunguo, uliojengwa kwa kurasa, kwa kawaida za baiti 4096. Ukiwa na funguo za baiti 16 na thamani za baiti 100, rekodi milioni 10 hukaa kwenye mti wa ngazi nne hivi: unaanza kwenye mzizi, unashuka tawi, unashuka tawi jingine, unafika kwenye jani, unaangalia. Ufunguo ukiwepo unapewa anwani ya mahali thamani ilipo. Usipokuwepo unapewa MDB_NOTFOUND. Safari ni ileile na idadi ya kurasa ni ileile, kwa hiyo "ndiyo" na "hapana" zina bei moja.

SQLite nayo hutembea kwenye mti, ila hapa namna ulivyolitengeneza jedwali inaamua safari ni moja au mbili. Ukiandika `k TEXT PRIMARY KEY` bila kuongeza kitu, SQLite inajenga miti miwili: mmoja wa faharasa ya funguo, mwingine wa rekodi zenyewe zilizopangwa kwa namba ya ndani. Ufunguo uliopo unatafutwa kwenye wa kwanza, ndipo rekodi itafutwe kwenye wa pili. Ufunguo usiopo unaishia kwenye faharasa, kwa hiyo hapa "hapana" ni nafuu kidogo. Ukiongeza `WITHOUT ROWID`, kitu kilichoingia na toleo 3.8.2 mwaka 2013, miti inakuwa mmoja na bei zinasawazika. Nyaraka za SQLite zenyewe zinashauri njia hii kwa rekodi ndogo, zisizozidi takribani baiti 200 kwa ukurasa wa baiti 4096. Namba za miamala zimo humo kwa raha. Picha hazimo.

RocksDB ni habari nyingine. Haitunzi mti mmoja. Maandishi mapya huingia kwanza kwenye kumbukumbu, yakijaa yanamwagwa diskini kama faili lililopangwa ambalo halibadilishwi tena, na kazi ya nyuma ya pazia huyaunganisha mafaili hayo ngazi baada ya ngazi. Kuandika kunakuwa kwepesi sana. Gharama inahamia kwa msomaji: ufunguo unatafutwa kwenye kumbukumbu, kisha kwenye mafaili ya ngazi sifuri moja baada ya jingine kwa sababu yanapishana, kisha faili moja kwa kila ngazi inayofuata. Ufunguo uliopo unaweza kukutwa mapema na msako ukaishia hapo. Ufunguo ambao haujawahi kuwepo hauna mahali pa kusimamia. Lazima uulizwe hadi ngazi ya mwisho.

Dawa yake ni kichujio cha Bloom. Kila faili hubeba muhtasari mdogo unaoweza kusema "ufunguo huu hakika haumo" bila kugusa data. Kwa biti 10 kwa kila ufunguo, kichujio hukosea karibu mara 1 katika 100, yaani kinakutuma kwenye faili bure. Mara 99 zilizobaki faili linarukwa. Jambo ambalo watu hulikosa ni kwamba RocksDB haikiwashi kichujio hiki yenyewe. Usipokitaja kwenye mipangilio hakipo, na jaribio lako la funguo zisizopo litakuwa linaipima RocksDB ikiwa imefungwa mguu mmoja.

Kuna ajabu ndogo hapa. Ufunguo uliofutwa juzi unaweza kujibiwa haraka kuliko ule ambao haukuwahi kuandikwa. Kufuta kwenye RocksDB ni kuandika alama ya kufutwa, na msako ukiikuta alama hiyo ngazi za juu unajibu "haupo" papo hapo bila kushuka. Kwa hiyo "visivyopo" ni makundi mawili, na kwenye jaribio uyatenganishe.

## Jaribio linavyodanganya

Tuseme unajaribu. Umejaza funguo kuanzia 0 hadi 999,999, na kwa kundi la visivyopo unauliza 1,000,000 hadi 1,999,999. Inaonekana sawa kabisa, na matokeo yote yatakuwa ya uongo. RocksDB huhifadhi ufunguo mdogo na mkubwa wa kila faili. Funguo zako zote ziko nje ya mpaka, kwa hiyo hakuna faili hata moja litakalofunguliwa na kichujio hakitaulizwa. LMDB na SQLite zitashuka hadi jani lilelile la mwisho kulia, ambalo baada ya swali la kwanza liko tayari kwenye kache ya prosesa. Unapima ukuta wa nje wa nyumba na kudhani umepima vyumba.

Funguo zisizopo lazima ziangukie katikati ya zilizopo. Njia rahisi ni kujaza namba shufwa na kuuliza witiri. Zana ya db_bench inayokuja na RocksDB hufanya kwa akili zaidi: jaribio lake la `readmissing` huongeza baiti moja kwenye urefu wa ufunguo, hivyo kila ufunguo unaoulizwa unakaa kati ya majirani wawili halisi.

Zana hiyohiyo ina mtego wake. Endesha hii:

    db_bench --benchmarks=fillrandom,readrandom --num=1000000

Mwishoni mwa mstari wa matokeo, baada ya namba za kasi ambazo ndizo kila mtu anazinakili, kuna sehemu inayotaja funguo ngapi zimepatikana. Utaona karibu 632,000 kati ya 1,000,000. Hakuna kilichopotea. `fillrandom` huchagua funguo kwa bahati nasibu, nyingine zinachaguliwa mara mbili au tatu na nyingine hazichaguliwi kabisa, na kihesabu karibu asilimia 63 tu ndizo hugongwa angalau mara moja. Kwa hiyo jaribio uliloliita la kusoma vilivyopo lina zaidi ya theluthi ya visivyopo ndani yake, na bila kichujio. Mwingine anayejaza kwa `fillseq` anasoma vilivyopo vitupu. Mkiwekeana namba mezani mnabishana juu ya vitu viwili tofauti. Ukitaka mchanganyiko, uchanganye mwenyewe kwa kiwango unachokijua.

Angalia pia ukubwa. Kwa kawaida yake db_bench hutumia funguo za baiti 16 na thamani za baiti 100. Milioni moja ya hizo ni kama megabaiti 116 kabla ya kubanwa. Hata seva ya kukodi yenye RAM ya gigabaiti 2 inazimeza zote, na unachopima ni RAM. Si vibaya kama data yako nayo itabaki ndogo hivyo. Kama itakua, ama ongeza rekodi hadi zizidi RAM, ama punguza RAM: kwenye Linux, `systemd-run -p MemoryMax=512M` huifungia programu ndani ya megabaiti 512, na kache ya mafaili inahesabiwa humo pia. Hiyo ya mwisho ni muhimu kwa LMDB, ambayo kumbukumbu yake yote ni kache ya mfumo endeshi. Data ikizidi RAM, jaribu LMDB ikiwa na MDB_NORDAHEAD na bila hiyo. Mfumo endeshi ukisoma kurasa za mbele "ikitokea ukazihitaji", kwa maswali ya nasibu unakuletea usizohitaji na kuzifukuza ulizokuwa nazo.

Kuanza na data ambayo haijapanda RAM nako kuna ujanja wake. Kuzima programu na kuiwasha upya hakutoshi. RocksDB itapoteza kache yake ya ndani, lakini mafaili yatabaki kwenye kache ya mfumo; LMDB haitapoteza chochote. Unahitaji `sync`, kisha kuandika 3 kwenye /proc/sys/vm/drop_caches, kisha uwashe programu. Kwa zote tatu, kila raundi.

Halafu kuna thamani yenyewe. `mdb_get` ya LMDB hainakili kitu. Inakupa anwani ndani ya ramani, na kama thamani ni kubwa na inakaa kwenye kurasa zake za pembeni, kurasa hizo hazijasomwa diskini hadi uziguse. Njia ya kawaida ya RocksDB inakunakilia thamani kwenye kumbukumbu yako. Ukizilinganisha bila kuigusa thamani, umelinganisha aliyekuonyesha duka kwa kidole na aliyekuletea mzigo mlangoni. Jumlisha baiti zote za kila thamani unayopewa, hata kama jumla hiyo huihitaji. Na ukumbuke kwamba anwani ya LMDB ni halali hadi transaksheni (kundi la kusoma au kuandika linalohesabiwa kama tendo moja) iishe tu. Ukiitaka thamani baada ya hapo, nakili, na gharama ya kunakili iingie kwenye hesabu.

Kwa SQLite, kosa linaloigharimu zaidi ni kuandaa sentensi ya SQL upya kwa kila swali. Iandae mara moja, badilisha ufunguo, endesha, irudishe mwanzo. Kisha fungua `BEGIN` kabla ya kundi la maswali, vinginevyo kila swali linachukua kufuli na kuliachia. LMDB ina jambo linalofanana: transaksheni ya kusoma inaweza kusimamishwa na kuhuishwa kwa `mdb_txn_reset` na `mdb_txn_renew` badala ya kuundwa upya kila mara.

RocksDB unapaswa kuisubiri. Mara tu baada ya kujaza kuna mafaili mengi ngazi sifuri na kazi ya kuyaunganisha inaendelea. Pima hapo, upime tena baada ya kuunganisha kuisha. Pengo kati ya namba hizo mbili ndilo utakaloishi nalo siku mfumo unapoandikwa sana. Wastani hautakuonyesha. Angalia swali moja la polepole kati ya 100, na moja kati ya 1,000.

## Kabla ya kasi, usahihi

Hifadhidata inayojibu "haupo" kwa haraka wakati ufunguo upo ni hatari kuliko ya polepole, hasa pale "haupo" inapomaanisha "mpe mteja pesa". Na mara nyingi hifadhidata haina kosa. Ufunguo ulioulizwa siyo uliowekwa.

Mfano wa SQLite kupitia Python:

    con.execute("CREATE TABLE kv (k TEXT PRIMARY KEY, v BLOB) WITHOUT ROWID")
    con.execute("INSERT INTO kv VALUES (?, ?)", (b"TX1", b"1"))
    con.execute("SELECT v FROM kv WHERE k = ?", ("TX1",)).fetchone()

Jibu ni None. Ufunguo uliingia kama baiti ukaulizwa kama maandishi, na kwa SQLite vitu hivyo viwili havilingani kamwe, hata safuwima ikiwa imeandikwa TEXT. Hakuna kosa linalotangazwa. Programu moja ikiandika na nyingine ikisoma, unaweza kukaa na hili kwa muda mrefu bila kujua.

LMDB na RocksDB hazijui aina. Kwao kila kitu ni baiti. Hapo mtego ni ule wa C: mmoja anahifadhi "simba" kama baiti 5, mwingine anahesabu na sifuri ya mwisho, baiti 6. Ni funguo mbili. Namba nzima zina balaa lao. Kwenye prosesa za kawaida baiti ndogo hutangulia, kwa hiyo 256 inapangwa kabla ya 1. Ukiuliza ufunguo kamili hutaona tofauti; ukiuliza "kuanzia hapa kwenda mbele" utapata takataka. Andika namba kwa kutanguliza baiti kubwa, au kwa LMDB tumia MDB_INTEGERKEY.

Namba za simu ni kesi yetu ya kila siku. 0712 345 678, 255712345678 na +255712345678 ni mtu mmoja kwako na watu watatu kwa hifadhidata. Chagua umbo moja, badilisha kabla ya kuandika na kabla ya kuuliza, na jaribio lako liulize kwa maumbo yote matatu.

Ongeza haya kwenye jaribio la usahihi: ufunguo mtupu (LMDB inaukataa, RocksDB inaukubali), thamani tupu ambayo lazima ijibiwe tofauti na "haupo", ufunguo wenye baiti ya sifuri katikati, na ufunguo wa baiti 511 kisha 512, maana LMDB kwa kawaida yake inaishia 511. Kisha andika programu fupi inayoweka, kufuta na kuuliza kwa bahati nasibu kwenye hifadhidata na kwenye kamusi ya kawaida ya lugha yako kwa wakati mmoja, na kulinganisha kila jibu. Iache usiku kucha. Ifunge na kuifungua hifadhidata katikati mara kadhaa, na uhifadhi mbegu ya bahati nasibu ili kosa likitokea uweze kulirudia.

Mipaka ya aina hii haionekani kwenye wastani wa kasi. Machi 2013 mtandao wa Bitcoin uligawanyika pande mbili kwa saa kadhaa. Toleo 0.8 lilikuwa limehama kutoka Berkeley DB kwenda LevelDB. Bloku moja kubwa, yaani fungu la miamala, ikapita vizuri kwenye toleo jipya, lakini matoleo ya zamani yakaikataa kwa sababu Berkeley DB ilikuwa imewekewa idadi ya kufuli isiyotosha kwa mabadiliko mengi namna ile kwa mpigo. Upande mmoja ulisema bloku ni halali, mwingine ukasema si halali, na wachimbaji wakubwa, wale wanaotengeneza bloku, wakalazimika kurudi toleo la zamani ili mnyororo uwe mmoja.

## Kwa ufupi, ubavu kwa ubavu

| | LMDB | RocksDB | SQLite |
|---|---|---|---|
| Ufunguo usiopo | bei ya uliopo | nafuu ukiwasha kichujio, ghali bila hicho | bei ya uliopo, au pungufu |
| "Weka kama haupo" kwa hatua moja | MDB_NOOVERWRITE | hakuna. Soma kisha andika ndani ya transaksheni | ON CONFLICT DO NOTHING |
| Michakato mingi kwenye hifadhidata moja | ndiyo, mwandishi mmoja kwa wakati | mmoja anaandika, wengine husoma tu | ndiyo, mwandishi mmoja kwa wakati |
| Umeme ukikatika, kwa mipangilio ya awali | kilichothibitishwa kipo | maandishi ya mwisho yanaweza kupotea | kilichothibitishwa kipo |
| Cha kupanga mapema | ukubwa wa ramani | kichujio, kache, ngazi | karibu hakuna |
| Leseni | ya OpenLDAP | Apache 2.0 au GPLv2 | mali ya umma |

Mstari wa umeme unahitaji neno. RocksDB kwa kawaida yake haisubiri diski ithibitishe kila andiko. Programu ikianguka data ipo, mashine ikizimika ghafla ya mwisho inaweza kuondoka. Washa `sync` kwenye maandishi yanayohusu pesa, na upime kasi ukiwa umeiwasha, vinginevyo unamlinganisha anayesubiri risiti na asiyesubiri.

Na ukubwa wa ramani ya LMDB: wa awali ni megabaiti 10, ukijaa unapata MDB_MAP_FULL. Kwenye mfumo wa biti 64 weka ukubwa mkubwa kuliko unaotarajia kwa mbali. Hiyo ni nafasi ya anwani tu. Kwenye biti 32, na simu za bei ya chini bado zina programu za hivyo, nafasi ya anwani ndiyo inayokwisha, na hapo LMDB inaondoka kwenye orodha. Inaondoka pia kama kuna msomaji anayefungua transaksheni na kusahau kuifunga: kurasa za zamani haziwezi kutumika tena akiwa ndani, na faili linavimba bila kurudi.

## Ningechagua nini

Kwa miamala ya malipo, SQLite, na wala nisingeuliza ufunguo kwanza. Kuuliza kisha kuandika kunaacha mwanya: taarifa mbili za muamala mmoja zikifika pamoja, zote zinaweza kuambiwa "haupo" kabla yoyote haijaandika. `INSERT ... ON CONFLICT DO NOTHING`, iliyopo tangu toleo 3.24.0 la mwaka 2018, inafanya yote kwa pigo moja. Ukiangalia kama rekodi imeongezeka unajua ni mpya au imerudiwa. Biashara yenye miamala makumi elfu kwa siku haitaikaribia kikomo cha SQLite. LMDB ina MDB_NOOVERWRITE kwa kazi hiyohiyo, inayorudisha MDB_KEYEXIST. RocksDB inakulazimisha uingie kwenye TransactionDB na `GetForUpdate`, na mimi naona hiyo ni mizigo mingi kwa duka dogo.

RocksDB ingeshinda pale maandishi yanapomiminika bila kukoma, data ikiwa kubwa kuliko RAM mara nyingi, na maswali mengi yakiwa ya visivyopo. Hapo mti wa LMDB unaumia: kila thibitisho dogo, yaani kukamilisha transaksheni ya kuandika, hunakili njia nzima kutoka jani hadi mzizi, ukurasa kwa ukurasa, wakati RocksDB inaongeza tu mwishoni mwa faili lake la daftari la maandishi. Washa kichujio cha biti 10, mpe kache ya maana, na ukubali kwamba utaishi na mipangilio mingi. Kinyume chake, kama karibu kila ufunguo unaoulizwa upo, kuna kipengele cha `optimize_filters_for_hits` kinachoacha kichujio cha ngazi ya mwisho na kuokoa RAM. Usikiwashe kwenye orodha ya kuzuia.

LMDB ningeipa wasifu wa wateja: husomwa sana, huandikwa kidogo, michakato kadhaa ya seva moja ikisoma faili moja bila kufuli kati yao. Hapo sijui mpinzani wake kati ya hizi tatu. Usishtuke tu ukiona `top` inaonyesha programu yako inakula gigabaiti kadhaa. Hizo ni kurasa za faili, mfumo utazichukua ukizihitaji.

Inabaki orodha ya namba zilizozuiwa, na kwa hiyo nisingechukua yoyote kati ya tatu. Orodha ya namna hiyo mara nyingi hutengenezwa upya mara moja kwa siku na haibadiliki hadi kesho yake. Kuna kitu cha zamani cha D. J. Bernstein kinaitwa cdb: faili lisilobadilika, unalijenga lote upya pembeni kisha unalibadilisha na la zamani kwa hatua moja, wasomaji wakiendelea na kazi. Kikomo cha umbo lake la awali ni gigabaiti 4. Kwenye hifadhidata kubwa, ufunguo uliopo hupatikana kwa kawaida kwa kwenda diskini mara mbili. Usiopo, mara moja.